Sauti Niliyoichukua Jikoni kwa Shangazi

Nimeiba sauti ya shangazi yangu.

Wiki zote hizi nimekuwa nikiwasimulia namna kampuni ya Stockholm ilivyoichukua yangu, nanyi mmeniandikia kunipa pole. Leo hizo pole ziwekeni kwanza. Na wewe unayenisoma kwa mara ya kwanza, nitakufupishia.

Naitwa Kheiria binti Zahor. Nilizaliwa Malmö, Sweden, baba dereva wa basi, mama mpishi wa shule, Wazanzibari wote wawili. Ndani Kiswahili, nje Kiswidi. Nilipotimiza miaka kumi na tisa kampuni ya muziki ikanisaini. Wakasema jina Kheiria halitamkiki. Wakanipa la Kaja, ndege wa kwao anayefanana na kunguru.

Kwa miaka saba vijana wa Malmö waliimba nyimbo zangu ndani ya basi la baba yangu. Hawakujua dereva ni nani, naye hakuwaambia.

Nilipotaka kuimba ninachokitaka mimi, tukagombana. Nilipoondoka, jina la Kaja likabaki kwao na nyimbo zikabaki kwao. Mwaka uliofuata nimesimama dukani na kikapu mkononi, nikasikia sauti yangu mwenyewe inatangaza mtindi. Hakuna aliyeniuliza. Nilikiweka kikapu chini nikatoka.

Kisha baba akafariki, mama akiwa ameshamtangulia. Nikasafiri kuja Maskati, Oman, kumletea dada wa baba, Shangazi Sayyida, nguo za marehemu na miwani yake. Nilidhani nitakaa siku kumi. Huu ni mwaka wa pili.

Sasa ni msanii ninayejitegemea. Natunga mwenyewe. Nagharimia mwenyewe. Picha ya jalada naipiga mwenyewe, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji. Na siku wimbo unapotoka, nakaa nao mwenyewe.

Wimbo wangu wa pili, ule niliowaambia wiki iliyopita, siku ya kwanza ulisikilizwa na watu kumi na wanne. Wa kumi na nne nilikuwa mimi.

Basi nisikilizeni.

Chumba changu kiko Khuwair ya Kusini, juu ya duka la mapazia. Asubuhi natafsiri maelekezo ya mashine za kufulia kwa watu wa Sweden nisiowaona sura. Mchana naimba nimelielekea kabati la nguo. Zipo siku nilizimaliza bila kumtamkia binadamu neno zaidi ya "shukran" kwa muuza mkate.

Ijumaa peke yake ndiyo iliyokuwa na watu. Ijumaa nilikwenda mtaa wa Azaiba kwa Shangazi.

Shangazi Sayyida ana miaka sabini na moja. Alitoka Unguja angali msichana, akapiga chapa wizarani mpaka akastaafu, akafiwa na mume. Anaishi na mwanawe wa pekee, Ishaq, afisa wa serikali, mtu wa kunyoosha kanzu na kunyoosha maneno.

Wote pale walijua kwamba niliimba huko Ulaya. Halikutajwa. Nilikuwa kama mtu aliyewahi kufungwa jela: kila mmoja anajua, na kila mmoja anampitishia sahani.

Ijumaa moja mwezi wa pili nilifika mapema. Ishaq alikuwa bado msikitini. Shangazi alikuwa jikoni anangojea mkate wa kumimina uive, mwiko mkononi, mgongo kwangu. Hakujua kama nimeshaingia.

Akaimba.

*Lala nikulaze, nje kuna upepo,*
*Baba yu safari, mie niko papo,*
*Ukilia mama, nitakuwa hapo,*
*Siendi popote, kwangu ni ulipo.*

Nimefundishwa na walimu wanne wa sauti. Hakuna hata mmoja aliyejua kuliachia neno kama Shangazi alivyoliachia lile "ulipo". Lilimtoka kama mtu anayeweka mtoto chini taratibu asije akaamka.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikabonyeza. Nikaiweka mezani, nikaifunika na kitambaa cha sahani.

Aliurudia mara tatu, mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Alipogeuka nilikuwa nimekaa, mikono mapajani.

"Ee, umeingia saa ngapi weye?"

"Sasa hivi. Wimbo gani huo, Shangazi?"

"Upi?"

"Huo ulokuwa ukiimba."

"Aa. Wa kulazia watoto tu. Hebu nipe hiyo bakuli."

Wa kulazia watoto tu. Nikajiambia, basi ni wa watu wote. Kitu cha watu wote hakina mwenyewe wa kumuomba.

Jumapili yake nilikuwa mtaa wa Darsait kwa Jeff Otieno.

Jeff ni Mkenya wa Kisumu. Kazi yake ya mchana ni kufunga vipaza sauti kwenye kumbi za harusi. Chumba anachopanga amekifanya studio: magodoro ukutani, blanketi mlangoni, maikrofoni moja nzuri. Ndiye mtu pekee Maskati aliyewahi kuniambia hapana nikiimba vibaya. Nilimpenda kwa hilo.

Alivaa vifaa vya masikioni, akasikiliza, akavivua.

"Kheiria. Huyu mama ni nani?"

"Shangazi yangu."

"Wacha. Huyu mama ameweza." Akavitundika vile vifaa shingoni. "Sasa wewe unataka tufanye nini na hii?"

"Yeye aanze, mimi nifuate, yeye amalize."

"Sawa. Amekubali lakini?"

Nilikuwa na nafasi pale. Ningeweza kusema bado, nitamuuliza Ijumaa.

"Amekubali," nikasema. "Amefurahi sana."

"Basi twende kazi."

Tukafanya. Na ulipokwisha, penye sehemu ya kuandika mtunzi, nikaandika: maneno na muziki, Kheiria Zahor. Chini yake nikaandika umerekodiwa Darsait na Jeff Otieno, na namba yake ya simu, apate wateja. Jina la Shangazi sikuliandika popote. Nilijiambia ni kumsitiri, mwanamke wa heshima, mwanawe afisa.

Mnaona nilivyokuwa na maneno?

Niliutoa Jumapili iliyofuata saa tatu asubuhi. Nikafunga kompyuta, nikaenda kununua mkate, nikarudi, nikaogopa kufungua.

Mpaka adhuhuri walikuwa elfu tatu. Jumatatu sikuweza tena kufuata hesabu. Mwanamke wa Wete aliandika kwamba amesimamisha cherehani akalia. Mwanamume wa Dubai aliandika kwamba amempigia mama yake simu baada ya miaka minne. Mombasa, Salalah, Sur. Na karibu wote waliuliza swali moja: huyo bibi ni nani?

Hakuna aliyeuliza mimi ni nani.

Niliisoma mistari yote ile nimekaa kitandani na kikombe cha chai kilichopoa. Nilitaka kumwambia mtu. Nikafungua orodha ya majina kwenye simu, nikashuka nayo mpaka mwisho, nikapanda nayo mpaka mwanzo. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia alikuwa Shangazi.

Jumanne simu ikalia, namba ya Sweden.

"Kaja!"

Alikuwa Lennart, mkuu wa ile kampuni. Miaka mitatu hajanipigia.

"Siitwi Kaja."

"Sawa, sawa. Nimeusikia wimbo. Sijui neno hata moja lakini nimeusikia mara sita. Rudi kwetu. Tutautangaza dunia nzima."

Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeyatunga maneno ya kumjibu siku hiyo ikifika. Nilikuwa nikiyajaribu mbele ya kabati.

"Ahsante, Lennart. Sasa najitegemea. Chochote nitakachofanya, nitakifanya kwa mkono wangu."

Akacheka. "Vizuri. Na yule bibi? Amekupa ruhusa ya maandishi?"

Nikalitazama kabati.

"Nauliza tu," akasema. "Maana sisi, pamoja na ubaya wetu wote, wewe tulikusainisha."

Nilikata simu. Nilikasirika. Nikamtukana kwa Kiswidi, nikamtukana kwa Kiswahili, chumba kizima kikanisikiliza. Kilichoniuma, sikuona alipokosea.

Nikaazimia Ijumaa nimwambie Shangazi. Wallahi niliazimia.

Ijumaa haikufika.

Jumatano Shangazi huwa anapokea wanawake wa mtaani baada ya alasiri, kwa kahawa na halua. Siku hiyo alinipigia mwenyewe. "Njoo unisaidie kupitisha vikombe, mwanangu. Hawa wote miguu mibovu."

Nikaenda. Walikuwa sita. Mmoja wao, Bi Ghadeer wa nyumba ya pili, aliingia na simu mkononi tayari.

"Jamani mmeusikia huu? Binti yangu kaniletea. Nimelia mpaka nimeona haya."

Nilikuwa nimeshika dele la kahawa. Nikasema, "Bi Ghadeer, kunywa kwanza kahawa."

"Ngoja, mwanangu, ngoja."

Akabonyeza.

Sauti ya Shangazi ikaingia barazani mwa Shangazi.

Wanawake wakanyamaza mmoja mmoja. Mmoja akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Mimi sikuwatazama wao. Nilimtazama Shangazi, naye alikuwa ametazama zulia.

Ikaja sauti yangu. Ikapita. Ikarudi yake. Ukaisha.

"Rejesha," Shangazi akasema.

Bi Ghadeer akarejesha. Safari hii Shangazi alifumba macho. Ulipofika pale nyuma ya sauti mwiko unapogonga ukingo wa sufuria, akayafumbua. Akanitazama mimi moja kwa moja.

"Mzuri," akawaambia wageni. "Mzuri sana. Kheiria, mjazie Bi Ghadeer kikombe."

Nikajaza. Nikamwagia sahani.

Walikaa saa nzima nyingine. Saa ile nzima Shangazi alizungumza na kila mtu, akauliza habari za magoti na wajukuu, akamsindikiza kila mmoja mpaka mlangoni. Alipoufunga mlango hakurudi kukaa.

"Ulikuwa umeiweka wapi simu?"

"Shangazi, nisikilize..."

"Nimekuuliza. Wapi?"

"Chini ya kitambaa cha sahani."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayehakikisha jambo.

"Nilidhani ni wa watu wote," nikasema. "Ulisema wa kulazia watoto tu."

"Mtoto mmoja, Kheiria." Akakaa. "Nilikuwa na mtoto wa kike kabla ya Ishaq. Khulood. Nlimtungia mwenyewe, hapa hapa Maskati, baba yake yuko kazini jangwani. Alikuwa na miaka minne homa ilipomchukua. Tangu siku hiyo siuimbi mbele ya mtu. Nnauimba jikoni, peke yangu, na yeye."

Sikujua pa kuyaweka macho.

"Nikifumba macho nikiimba namuona," akasema. "Ndo mana sikukuona ulipoingia."

"Nisamehe."

"Na umeandika nani kautunga?"

Alikuwa ameshalisoma jina langu kwenye simu ya Bi Ghadeer alipomsindikiza mlangoni, na bado alinipa nafasi ya kusema. Sikuitumia.

Hapo Ishaq akaingia. Alikuwa amesimama ukumbini, funguo mkononi, sijui tangu lini.

"Ni wewe?" akaniambia. "Kazini wote wanausikiliza. Nimekaa na watu wananiuliza kama naijua sauti ile, nasema siijui. Nimeikana sauti ya mama yangu, Kheiria, nikidhani nimekosea masikio."

"Ishaq, nitauondoa sasa hivi."

"Mimi mwanawe, na wimbo ule hajapata kuniimbia hata siku moja. Nlikuwa mtoto, nausikilizia nyuma ya mlango wa jiko. Nlijua si wangu, sikuingia. Miaka arobaini sikuingia. Wewe umeingia na simu."

"Ishaq, basi," Shangazi akasema.

"La, mama. Khalas, imetosha." Akafungua mlango. "Usije tena hapa. Usimpigie simu. Akitaka kukutafuta atakutafuta yeye. Na sidhani."

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa anakusanya vikombe.

Niliuondoa wimbo ndani ya teksi, kabla hatujafika barabara kuu. Huo ndio uzuri wa kujitegemea: kidole kimoja, bila kumuuliza mtu. Kioo kikasema umefutwa.

Haukufutika. Watu walikuwa wameshaunakili. Waliuweka chini ya picha za watoto wao, chini ya video za paka, chini ya picha za makaburi. Siku mbili baadaye nilipita duka la mapazia hapa chini, nikausikia kwenye simu ya mshonaji. Mtu wa Lahore, hajui Kiswahili, anapima kitambaa huku anavuma kwa pua: *kwangu ni ulipo.*

Nilipanda ngazi mbio kama ninayefukuzwa.

Kisha zikaja Ijumaa.

Ya kwanza nilivaa, nikajifukiza udi, nikakaa kitandani mpaka sala ikaisha na harufu za vyakula vya majirani zikapanda, nikavua. Ya pili nilinunua wali wa kuku, nikaula nimesimama. Ya tatu sikuvaa.

Hakuna simu iliyolia, isipokuwa ya Lennart. Sikuipokea.

Nilimwendea Jeff. Nilitaka tu kukaa mahali penye mtu. Nikamwambia yote, maana nilidhani ukimwambia mtu ukweli atakuvutia kiti.

Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anakunja waya, hakuacha kukunja.

"Uliniambia amekubali."

"Najua."

"Nilikuuliza, Kheiria. Nilikuuliza vizuri kabisa."

"Najua, Jeff."

"Jina langu liko pale. Namba yangu iko pale. Mimi nina mama Kisumu, huyo mama huimba kanisani kila Jumapili. Mtu akimfanyia hivi sitamwachilia." Akauning'iniza waya msumarini. "Sitafanya kazi na wewe. Enda umalizane na huyo mama kwanza."

"Nimekatazwa kwenda."

"Basi sijui nikusaidie aje."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningeweza kugombana naye. Alinisindikiza mpaka mlangoni kwa adabu, akainua blanketi nipite.

Hivyo ndivyo nilivyobaki. Kampuni nimeiacha, Shangazi nimempoteza, Jeff amenifungia. Niliwahi kusimama mbele ya watu elfu ishirini uwanjani Gothenburg wakaniitikia mstari kwa mstari. Sasa nilikuwa nikiacha redio imewashwa ninapotoka, ili nikirudi nikute kuna anayezungumza.

Nikaacha kuimba. Sikuapa, sikuamua. Nilifungua mdomo mbele ya kabati, ikatoka namna ya Shangazi ya kuliachia neno. Hata hiyo nilikuwa nimeichukua. Nikaufunga mdomo.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, saa nne na nusu asubuhi, nikiwa katikati ya maelekezo ya mashine ya kukaushia, simu ikalia. Jeff.

"Uko wapi?"

"Nyumbani. Kuna nini?"

"Shangazi yako ako hapa."

"Hapo wapi?"

"Hapa kwangu! Darsait! Amekuja na teksi. Ameketi kwenye kiti changu na mkoba kwa magoti. Dereva alinipigia kuuliza njia; mama anasema alipata namba yangu kwa simu ya jirani. Kheiria, huyu mama amepanda ngazi za orofa tatu peke yake."

"Yuko na Ishaq?"

"Ako peke yake. Kuja."

Sikumbuki kama niliufunga mlango. Dereva wa teksi aliniuliza mara mbili kama kuna mgonjwa.

Nilipoinua blanketi la mlango wa Jeff, Shangazi alikuwa amevaa vile vifaa vya masikioni juu ya mtandio wake. Vilikuwa vikubwa mno kwake. Macho ameyafumba. Jeff alisimama pembeni kama mtu aliye msikitini na hajui atie wapi mikono.

Nikangoja. Alipovivua, hakushituka kuniona.

"Nimekuja kuisikia vizuri," akasema. "Kwenye simu ya Ghadeer inakwaruza."

"Shangazi, Ishaq amenikataza..."

"N'najua alichokukataza. Mie sikukataza kitu wala sikuruhusu kitu. Sikuulizwa." Akamgeukia Jeff. "Na weye, mwanangu, uliambiwa nimekubali?"

"Ndio, mama. Nilikosea kutokuja kukuuliza mwenyewe. Pole sana."

"Huna kosa." Akanirudia mimi. "Ulichukua ubeti mmoja."

"Ndio."

"Wimbo una beti nne."

Nikalishika blanketi la mlango.

"Tatu hizo sijaziimba tangu azikwe. Jikoni naimba huo wa mwanzo tu, nikifika mwisho wake narudi mwanzo. Siku zote narudi mwanzo." Alikuwa anaipapasa maikrofoni kwa kidole, kama anayepima chuma kama kimepoa. "Nilipoisikia sauti yangu kwa Ghadeer, nlijiambia, mbona kizee hiki. Nikifa mie, hizo tatu zinakwenda na mie. Na huo mmoja unabaki na jina lako."

"Nitaandika jina lako. Nitasema kila mahali."

"Sijakwambia useme." Akajiweka sawa kitini. "Kijana, hichi kinawashwaje?"

Jeff akamwelekeza, taratibu, asogee kiasi gani, asiguse wapi.

Nikavuta kigoda nikae.

"La," Shangazi akasema. "Weye toka nje."

"Shangazi?"

"Toka nje, Kheiria."

Nikatoka.

Nilikaa ngazini, nje ya mlango. Nyumba anayopanga Jeff ina ngazi zinazonukia vitunguu na rangi ya gari, kwa vile kuna gereji chini. Niliegemeza sikio ukutani. Jeff alikuwa ameifanya kazi yake vizuri: magodoro, blanketi, sikusikia kitu. Ndani ya chumba kile mwanamke alikuwa anaimba beti tatu ambazo mpaka siku ile hakuna aliye hai aliyezisikia, na mimi niliyezungukwa na muziki maisha yangu yote nilikuwa nasikia nyundo za gereji.

Nililia pale. Sikulia kwa kuachwa nje. Nililia kwa sababu nilijua ameniacha mahali panaponistahiki.

Ilipita nusu saa, labda zaidi. Blanketi likainuliwa. Jeff alitoka kwanza, macho mekundu, akapita bila kunitazama akaenda kusimama dirishani kwenye korido.

Akafuata Shangazi. Mkononi ameshika kitu kidogo cheusi, kile ambacho Jeff huwekea nyimbo za wateja. Alinionyesha, akakitia ndani ya mkoba, akafunga zipu.

"Kule kwenye mashine nimemwambia afute. Amefuta mbele ya macho yangu. Iliyobaki ni hii tu. Hii yangu. Nikitaka ntaisikilizisha dunia, nikitaka ntazikwa nayo."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikasema. "Mimi sikuipata haki hiyo kwa miaka saba."

"N'najua. Baba yako alinieleza." Akashusha ngazi moja, akashika ukuta, akapumua. "Alikuwa akinipigia simu kila wimbo wako ukitoka. Ananiwekea simu kwenye redio ya basi nisikie. Anasema, Sayyida, sikiliza, wamempa jina la ndege lakini ni yeye."

Sikuwa nalijua hilo.

Mkoba wake ukalia. Akaufungua, akatoa simu, akaitazama kwa mbali kama wazee wanavyotazama. Kwenye kioo liliandikwa jina la Ishaq.

"Hii ya tano," akasema. "Sikumuaga. Atakuwa amepita Azaiba nzima. Ghadeer tu ndiye ajuaye nimekuja kwa huyu kijana."

"Mpokee, Shangazi. Atakufa kwa wasiwasi."

Akaninyooshea mimi ile simu.

"Pokea weye."

"Mimi? Nimwambie nini?"

"Mie nimeshasema yangu mle ndani," akasema. "Sema yako."

Ilikuwa inatetemeka kiganjani mwangu. Zile Ijumaa zote nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kumwambia Ishaq, mengine mazuri. Yote yalinipotea. Nikabonyeza.

"Ishaq. Mimi Kheiria. Niko na mama."

Nikasikia injini, kisha injini ikazimwa. Kisha nikasikia mlango wa gari unafungwa, na nikausikia mara mbili: mara moja ndani ya simu, na mara moja chini ya ngazi.